Mliokufa Amkeni, Twendeni Nyumbani

Njombe, 9 Februari 2025

Mjomba Aron,

Shikamoo. Kabla sijauliza habari za Makambako, nataka nikuambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, hata Mama. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nawaombea marehemu wa kwenye filamu zako. Bibi alikuwa akiniacha kwako siku za mnada, nawe unaniketisha karibu na spika kwenye banda lako la video. Kila aliyekufa nilimshika jina, na wengi wao majina uliwapa wewe mwenyewe ulipokuwa unatafsiri. Jioni nilisali kimyakimya: Bwana umpumzishe Mzee Kiberenge aliyeangukiwa na ukuta, umpumzishe yule binti wa Kihindi aliyekunywa sumu kwa ajili ya kaka yake. Nilijua sisi Walutheri hatuombei wafu, ndiyo maana sikumwambia mtu. Na mwisho wa kila filamu ulisema kwenye maiki, "Imekwisha. Mliokufa amkeni, twendeni nyumbani." Watu walicheka. Mimi nilidhani unawaambia kweli. Siku nilipomwona Mzee Kiberenge kwenye filamu nyingine, mzima, tena yuko juu ya farasi, nilijua sala yangu imejibiwa. Niliamini hivyo mpaka darasa la nne.

Sasa salamu. Mimi mzima, baridi tu. Kidato cha tatu ni kigumu kuliko walivyotuambia. Mama ameandika kutoka Ludewa, anasema hospitalini kwao wauguzi ni wachache, hatapata likizo mpaka mwisho wa mwaka. Bibi nilimwacha Kichiwa akipalilia maharage, anakusalimia na anauliza kama bado unakohoa.

Nimekuandikia kwa sababu ya mdahalo. Hoja inasema filamu za zamani ni bora kuliko za kutisha na za kuchekesha za siku hizi. Atakayesema ni Ema, anayelala kitanda cha juu yangu, kwa sababu mimi nikisimama mbele ya watu sauti inapotea. Mimi naandika hoja. Najua unachokipenda: ile ya bubu mwenye ngazi anayepita katikati ya harusi, na ile ya mama kipofu muuza taa. Niambie kwa nini unazipenda, na kama za sasa zina ubaya gani. Matroni hufungua barua zetu, si mtu mbaya, lakini andika yanayosomeka.

Mpwa wako,
Idda


Makambako, 2 Machi 2025

Mpwa wangu Idda,

Marahaba, na kamwene. Nimecheka mpaka mteja akaniuliza kama niko salama. Kumbe Mzee Kiberenge alikuwa na mwombezi! Ningejua ningekupa orodha.

Mimi mzima, kikohozi ni cha vumbi la malori tu, mwambie Bibi asihangaike. Banda nilishalifunga, sasa jirani yangu Salha anahifadhia viazi vyake humo. Mimi nina meza karibu na njia panda, kompyuta na flashi. Mtu anakuja anasema niwekee za kutisha, namwekea, anaondoka. Hata jina la filamu haulizi. Zamani mtu alikuwa akitoka bandani anabishana na mwenzake mpaka nyumbani.

Kuhusu mdahalo, mwambie Ema aseme hivi. Yule bubu na ngazi yake hana sauti, na picha yenyewe imechakaa kama imenyeshewa. Lakini watu mia walicheka pamoja, mpishi, dereva, mwalimu, wote mara moja, kwa sababu kila mmoja amewahi kubeba kitu kirefu mahali pembamba. Na ya kutisha tulikuwa tunaogopa pamoja. Likitokea zimwi, mimi nasema kwenye maiki, "Tulieni jamani, huyu ana mke na watoto wawili, hiyo damu ni rangi." Leo mtu anaangalia peke yake chini ya blanketi, masikio kayaziba, na hakuna wa kumwambia ni rangi.

Ila usiwaambie walimu kwamba za sasa hazina kitu. Nina kijana hapa anaitwa Kheri, alikuja na familia yake kutoka Tanga, ana jicho la kamera. Anasema kutisha na kuchekesha ni shati moja, unaligeuza tu ndani nje. Tunatengeneza vitu vidogo vya kwenye simu. Vinapendwa. Sauti yangu haina tena banda lakini angalau mkono una kazi.

Tulikwenda Kichiwa Jumamosi iliyopita, mimi na Kheri. Bibi alitupikia makande. Alicheka siku ile, Idda, sijamwona akicheka hivyo tangu baba afariki. Akikusimulia tulichofanya, ujue ni mchezo tu.

Ukitaka kunitumia barua haraka, mpe Hamis, dereva wa Noah nyeupe ya Makambako, rafiki yangu. Hupaki karibu na geti lenu.

Mjomba wako,
Aron


Njombe, 27 Aprili 2025

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama na kikohozi kimepungua. Mama hajambo, amehamishiwa wodi ya watoto. Ema alishinda mdahalo. Waliposema za zamani zinachosha, alisimama akaigiza yule bubu na ngazi, ngazi yenyewe ikiwa fagio, mpaka mwalimu wa zamu akainama kwenye meza kwa kucheka. Nilifurahi kama nimesimama mimi.

Barua hii haijapita kwa matroni. Nimempa Hamis mkononi.

Likizo fupi ya Pasaka nilikuwa Kichiwa. Nataka nikueleze nilichokiona, uniambie unafikiri nini, kwa sababu mimi nimeshindwa kufikiri.

Siku ya kwanza nilimkuta Bibi akivuna maharage peke yake. Unajua kwetu huvuni peke yako, watu wanakuja kwa mgowe, leo shamba hili kesho lile, na mwenye shamba anapika. Nilipouliza wako wapi, alisema pengine wamesahau zamu yake. Alikuwa amepika sufuria kubwa. Chakula kilikuwa kimepoa, na hakuna aliyekuja.

Ijumaa Kuu, kanisani, benchi letu lilikuwa na Bibi na mimi tu. Watu walisimama nyuma, nafasi ipo. Mama Jacob jirani, ambaye Bibi ndiye aliyempokelea watoto wake wote, alipotupita alimfunika mtoto wake Anjela uso kwa kitenge. Anjela ana miaka miwili na alikuwa anakohoa. Bibi alimwambia mpe maji ya vuguvugu. Mama Jacob alitembea haraka.

Jioni tukiwa tunakula, kitu kiligonga bati, kisha kingine, kisha vingi pamoja. Bibi alisema ni mvua ya mawe, akaendelea kula. Niliangalia mlangoni, anga lilikuwa na nyota. Asubuhi niliyaokota uani. Hayakuwa yameyeyuka. Bibi aliniona nikiyaokota akasema niyarundike kando ya banda la kuku, yatafaa kuziba shimo.

Sababu nilionyeshwa na Jacob mwenyewe, yule mtoto wao mkubwa wa bodaboda. Alinisimamishia pikipiki njiani akasema, "Wewe msomi, hebu tueleze hii." Ni video fupi kwenye simu yake. Magharibi, kwenye mianzi karibu na mto. Mwanamke mzee anatoka kwenye mianzi akitembea kinyumenyume, uso umepakwa unga, ungo uko kichwani. Anageuka. Macho ni mekundu. Ananyoosha kidole na kusema kwa Kibena kwamba amekuja kumchukua mtoto. Picha inakatika hapo.

Macho ni mekundu kwa sababu ya moshi wa jikoni, Mjomba. Mianzi naifahamu. Ungo naufahamu, una kiraka cha kitambaa cha bluu nilichokishona mimi.

Jacob alisema imefika kwenye makundi yote ya simu, mpaka Matamba. Mtu mmoja kule ameandika chini yake kwamba kila anayeitazama mara tatu hufiwa. Nilimwambia ni filamu. Aliniuliza, "Filamu ya nani? Inaitwaje? Imeanza wapi na imeishia wapi?"

Je, unaijua hiyo video? Unajua nani alikuwa ameshika kamera?

Idda


Makambako, 11 Mei 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi wazima huku. Hongera kwa mdahalo, mwambie Ema akija Makambako nitamwonyesha ngazi ya kweli.

Nimesoma barua yako. Watu wa kijijini hawajazoea hizi picha, ndiyo shida. Wakipata jambo jingine la kusema watasahau. Nimeongea na Kheri, ameshaifuta kwenye ukurasa wake. Kwa hiyo usikose usingizi. Soma.

Nilikuwa nafikiria ile ya mama kipofu muuza taa. Unakumbuka kipande ambacho mwanawe anapita mbele yake sokoni na hamwambii kwamba ni yeye? Nilikuwa nakitafsiri kila mara kwa maneno mengine. Watu walikuwa wanamzomea yule kijana, wanamwambia sema basi, sema. Sasa ndipo naona kwamba hakuwa mbaya. Alikuwa anatafuta neno la kuanzia.

Nimemtuma Hamis na sabuni na sukari ya Bibi. Hakufika nyumbani, ameacha kwa mwinjilisti. Anasema kulikuwa na vijana wamekaa kwenye njia ya kwenda kwetu na hakupenda walivyomtazama.

Aron


Njombe, 18 Mei 2025

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima. Mama alipiga simu ofisini kwa mkuu wa shule, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Kuna muuguzi mwenzake kule Ludewa amemwonyesha ile video bila kujua ni nani. Mama alikwenda kukaa chooni mpaka akaweza kurudi wodini. Anaomba ruhusa aje, hawajampa. Na ameniambia kwamba Anjela amelazwa hospitalini, ni nimonia. Kijijini wanasema Bibi alishasema atamchukua mtoto, na sasa anamchukua. Mwinjilisti Obed amempigia Mama na kumwambia waziwazi: mtoto akifa, yeye peke yake hataweza kuwazuia.

Kufuta hakusaidii. Ameifuta Kheri, bado iko kwenye kila simu ya Kichiwa.

Sikutaka kuandika hili, nilitaka uliandike wewe. Kabla Bibi hajageuka, kwenye ile video kuna mtu anakohoa nyuma ya kamera, mara mbili, halafu anavuta pumzi kwa pua. Nimekaa karibu na spika yako tangu nikiwa na miaka mitano. Jacob hakijui kikohozi kile. Mimi nakijua.

Nimefikiri sana kuhusu mdahalo wetu, nadhani tuliandika hoja isiyo sahihi. Tulisema za zamani ni bora kwa sababu watu walicheka na kuogopa pamoja. Sasa naona ni jambo dogo zaidi. Filamu ya zamani ilianza kwa majina ya watu na iliisha kwa neno Mwisho. Hata mtoto mjinga kama mimi alijua wapi pa kuingilia na wapi pa kutokea. Hii ya Bibi haina mlango wa kuingia wala wa kutoka, na watu wamefungiwa ndani pamoja naye.

Najua Bibi hakuishia pale aliponyoosha kidole, maana namjua. Baada ya kusema vile lazima alicheka. Una ile nzima. Twende nayo Kichiwa, na projekta, uwatafsirie kama zamani. Ukisimama wewe watakusikiliza. Shule inafungwa mwanzoni mwa Juni.

Naomba unijibu.

Idda


Njombe, 1 Juni 2025

Mjomba,

Shikamoo. Hamis anasema barua yangu alikupa mkononi na ukaisoma mbele yake. Kila siku naangalia getini.

Sina habari nyingi. Anjela anapumua kwa mashine ya oksijeni. Mtu amekata mianzi yote ya kando ya mto na kuichoma. Bibi anasema ni vizuri, sasa anaona barabara.

Ijumaa nakwenda Kichiwa. Nitakwenda hata kama ni peke yangu.

Idda


Makambako, 5 Juni 2025

Idda, mpwa wangu,

Kamwene. Siku zote hizi naanza kuandika na kuchana.

Ni mimi niliyeshika kamera. Bibi alipakwa unga na Kheri, mimi nikamfundisha kutembea kinyumenyume. Tulisema ni kichekesho. Nzima ninayo. Anasema amekuja kumchukua mtoto, halafu anamalizia, aende akale, makande yanapoa, na hapo anashindwa kujizuia, anacheka mpaka ungo unaanguka, ananiambia Aron zima hicho kidude. Kheri aliiweka hivyo kwanza, watu wachache wakaiangalia. Kisha akaikata pale anaponyoosha kidole, akaiweka kama ya kutisha. Aliniuliza kabla. Nilisema sawa. Niliona idadi ya watu inapanda, na nikafurahi, Idda. Ilikuwa kama banda limejaa tena.

Barua yako ya Pasaka ilipofika nilijua. Nilijaribu kwenda. Nilifika njia panda ya Kichiwa na nikarudi. Vijana wale wakisikia sauti yangu wataijua, kama ulivyoijua wewe. Na mama yangu, Bibi yako, akiniangalia sijui nitaweka wapi uso.

Kheri amerudi kwao. Hamis atakuletea projekta, spika ndogo, maiki na flashi. Kwenye flashi, filamu ya kwanza ni bubu na ngazi, ya pili ni ile nzima ya Bibi. Anza na bubu, wakishacheka mioyo inalegea.

Wewe utatafsiri. Maneno unayajua.

Aron


Kichiwa, 17 Juni 2025

Mjomba,

Shikamoo. Bibi hajambo, anakula. Mama bado yuko Ludewa, anapiga simu kwa mwinjilisti kila jioni. Anjela bado amelazwa, ila tangu jana wameanza kumpumzisha na ile mashine saa za mchana. Nakueleza yote kama yalivyokuwa.

Nilipofika nilikuta ng'ombe amehamishiwa sebuleni. Bibi alisema ni kwa sababu ya baridi. Nilimwambia nina jambo, tukakaa jikoni, nikamwonyesha video kwenye simu ya mwinjilisti, ile iliyokatwa. Alikuwa hajawahi kuiona. Miezi yote hii alikuwa hajui kwa nini watu wamemwacha. Aliitazama akiwa ameishika mbali na uso kwa sababu ya macho yake.

Akasema, "Aron alisema ni ya kucheka."

Nikamwambia ilikuwa ya kucheka, imekatwa.

"Nani ameikata?"

Nikasema Kheri.

"Na Aron alikuwa wapi?"

Hilo nimekuachia. Alinirudishia simu, akaenda kumpa ng'ombe maji.

Mwinjilisti Obed alikubali tutumie ukumbi wa kanisa Jumapili baada ya ibada, na mwenyekiti wa kijiji alikubali akisema kwamba kama ni shetani heri atolewe mchana. Tulifunika madirisha kwa mablanketi ya Bibi na ya mwinjilisti. Nilidhani hawatakuja. Walikuja wote, mpaka wa upande wa pili wa mto, na vijana walisimama nyuma kwenye mlango, Jacob akiwa kati yao. Baadhi walikuja na fimbo. Bibi alikaa benchi la mbele, ungo mapajani. Nilimwomba auache nyumbani, alisema ni ungo wake.

Nilianza na bubu. Nilishika maiki na sauti haikutoka, ilitoka pumzi tu kwenye spika, watoto wakageuka kuniangalia. Kisha bubu akaingia harusini na ngazi yake, na mzee mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Huyo atampiga bwana harusi," na bubu akampiga bwana harusi, na watu wakaanza. Nikapata sauti. Nilimpa jina la Mzee Kiberenge. Nikasema anatoka Makete, hajawahi kuona mlango. Walicheka sana, mpaka nikaogopa, kwa sababu nilijua kinachofuata.

Nilizima, nikasema yafuatayo, niliyaandika usiku na kuyakariri: "Filamu inayofuata inaitwa Makande Yanapoa. Mwigizaji ni Yudita, bibi yangu, amekaa hapa mbele. Unga ni unga wa mahindi. Macho ni ya moshi. Aliyepiga picha ni Aron, mwanawe wa kumzaa." Kulikuwa na mguno niliposema jina lako. Ilinibidi. Filamu haina mwanzo bila majina.

Mianzi ilipotokea ukutani, mama mmoja alianza kukemea kwa jina la Yesu. Bibi akageuka kwenye picha, mkubwa kama ukuta, macho yale. Nilisikia mabenchi yakisukumwa. Aliponyoosha kidole watu walikimbilia mlangoni, wengi, na Jacob alikuwa wa kwanza kutoka, mahali palepale ambapo video ya simu yake huishia. Mtu alimgonga mwinjilisti, nyaya zikavutika, nikaishika meza kwa mikono miwili isianguke. Sikuwa na mkono wa maiki. Nilipiga kelele tu, mimi, "Kaeni, haijaisha."

Haikuisha. Bibi akasema aende akale, makande yanapoa, akaanza kucheka, ungo ukaanguka, akakwambia uzime kidude. Ukumbini hakuna aliyecheka. Nakuambia kweli, hakuna. Kisha Bibi wa benchini akacheka, kicheko kilekile, kidogo tu, kama mtu aliyejiona kwenye kioo na kofia mbaya. Mzee mmoja wa upande wa pili wa mto akacheka kwa sababu yake. Wengine wachache. Wengine walimtazama Bibi, wakatazama ukuta, wakatazama Bibi. Mama mmoja alilia.

Picha ilipozimika niliinua maiki. Nilisema, "Imekwisha. Mliokufa amkeni, twendeni nyumbani."

Bibi alisimama, akajipangusa sketi, akaenda nyumbani. Watu walimpisha. Sijui kama ni kwa heshima au kwa woga, na nadhani wao pia hawajui. Mama yake mwenyekiti ndiye pekee aliyemfuata, akambebea ungo.

Nusu ya watu walikuwa wametoka kabla ya mwisho. Walichokiona wao ni kibaya kuliko cha kwenye simu, maana sasa wamekiona kikiwa kikubwa. Mwinjilisti aliniambia nisiwe na haraka. Lakini nilijua magharibi inakuja.

Kwa hiyo niliazima simu yake, nikaiweka filamu nzima humo, nikaenda nyumba moja baada ya nyingine kwa wale waliotoka. Nilianza kwa Jacob. Alikuwa uani anafunga mnyororo wa pikipiki, mama yake yuko hospitalini na Anjela. Hakuniambia karibu. Nilimwambia, "Uliondoka kabla haijaisha."

Akaniuliza imebaki kiasi gani. Nikasema kidogo sana.

Alifuta mikono kwenye suruali, akaitazama akiwa amesimama. Hakucheka. Aliirudisha nyuma kwa kidole, akaitazama tena, akairudisha tena, pale pale, kati ya mtoto na makande. Kisha akaniuliza kama ni kweli kwamba Bibi ndiye aliyempokea yeye alipozaliwa. Nikasema ni kweli, na Anjela pia. Akanirudishia simu, akaendelea na mnyororo. Nikaenda nyumba iliyofuata. Wawili hawakunifungulia.

Jioni ile na zilizofuata, mvua ya mawe haijanyesha. Ng'ombe bado analala sebuleni.

Bibi ameuliza utakuja lini. Nimemwambia unatafuta neno la kuanzia.

Leo asubuhi nilifunga vitu vyako. Projekta niliifuta vumbi, nyaya nikazikunja, maiki nikaifunga kwenye soksi. Halafu nilikwenda kando ya banda la kuku, nikachagua jiwe moja kati ya yale, la ukubwa wa ngumi. Nimelizungushia gazeti mara nyingi lisikwaruze kioo cha projekta, nimeliweka chini kabisa ya mfuko, na mfuko nimempa Hamis akuletee.

Mpwa wako,
Idda